Tawi la Miiba Kwenye Njia ya Kwetu

Nililaza tawi la miiba kwenye njia ya kuingia kwetu ili mwalimu wa Jiografia asimfikie mama. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kijinga kuliko yote, na mengine yote yalitoka humo.

Kwa mtu asiye wa huku Gendabi, tawi la miiba ni tawi la miiba. Litamchoma, atalitukana, atapita. Lakini kwenye kitongoji chetu, kwetu sisi wakulima, tawi likilazwa kukata njia ya nyumba ya mtu, shina upande wa nyumba na ncha upande wa barabara, maana yake ndani kumetokea jambo la aina ile mbaya, kifo au mimba kutoka, ya mtu au ya mfugo, ile ambayo watu wazima huishushia sauti, na nyumba imejitenga mpaka siku zake ziishe. Huingii. Huombi moto, huombi chumvi, huazimi jembe. Unasimama mbali, unatikisa kichwa, unageuza. Wengi wetu tumebatizwa, na Jumapili tunaimba vizuri kabisa kwamba hatuogopi kitu chochote, lakini sijawahi kumwona mwanakwaya akiruka tawi hilo.

Chanzo chake ni daftari la dada. Dada yangu yuko chuo kikuu, anasomea sosholojia, somo ambalo baba alipoulizwa na majirani ni la nini alijibu, "Ni la kuchunguza watu," na tangu siku hiyo majirani wakawa wanamsalimia dada kama mtu anayesomea upolisi. Likizo iliyopita alisahau kaunta buku lake chini ya godoro langu. Nasema alisahau. Ndani yake kulikuwa na mambo ya wale wazee wa kwanza wa somo hilo, Wajerumani na Wafaransa wa zamani, na jinsi walivyofikiri kuhusu nafasi na uhusiano wa watu. Kiingereza chake nusu kilinishinda, nusu nyingine nikaipasua kwa kamusi.

Nilichokipata ni hiki. Wazee wale walikuwa hawakubali kwamba nafasi ni debe tupu ambalo watu wanamiminwa ndani yake. Walisema watu ndio wanaoifanya nafasi iwe nafasi. Wawili wakikaa chumba kimoja na hakuna mwenye habari ya mwenzake, kati yao hakuna kitu, hata kama magoti yanagusana. Wakianza kutaniana, au hata kuchukiana, pale katikati panajaa. Nilisoma nikasema, aisee, hawa wazee wamewahi kuingia ofisi ya walimu wa shule yetu.

Basi nikaichora. Siku ya zamu yetu ya usafi nilipima ofisi yote kwa nyayo zangu, kisigino kwa kidole, ufagio mkononi kama ushahidi wa kwamba nafanya kazi. Kutoka meza ya mkuu wa shule mpaka ya aliye jirani naye, nyayo tisa. Kutoka ya Hesabu mpaka ya Kiswahili, nusu unyayo, na vikombe vyao vya chai vimekaa vishikio vikitazamana. Meza ya Jiografia ilikuwa pembeni mwa mlango, imegeukia ukuta, na kati yake na binadamu wengine kulikuwa na rundo la ramani za zamani zilizoviringishwa. Hapo niliandika: kisiwa, bado hakijagunduliwa. Nikaibandika ukutani karibu na vyoo, mahali ambapo kila mtu shuleni anafika.

Mwalimu wa Jiografia hakunichapa. Aliibandua, akaitazama muda mrefu, akasema, "Haina dira, haina skeli." Halafu akaikunja vizuri. "Alhamisi jioni nitakuja kwenu nimwonyeshe mama yako kazi yako."

Heri angenichapa. Mama yangu hapigi. Mama hunyamaza. Anaweza kunyamaza siku nne huku anakupa chakula, anakufulia shati, anakuamsha asubuhi kwa kugonga mlango, na hakuna neno hata moja linalotoka. Nyumba yetu ina vyumba vitatu, lakini akinyamaza inakuwa kubwa mpaka unapotea ndani yake. Baba alikuwa Babati kwenye kazi ya ujenzi, dada chuoni, tulikuwa wawili tu. Siku nne za namna hiyo nisingeziweza.

Kwa hiyo Alhamisi saa kumi, mama akiwa shambani anageuza maharage yaliyong'olewa yakauke upande wa pili, nilikata tawi, nikalilaza njiani. Nililaza vizuri. Shina nyumbani, ncha barabarani. Nikajificha nyuma ya ua wa minyaa.

Mwalimu alikuja na bahasha ya kaki kwapani. Alipofika kwenye tawi alisimama kama mtu aliyekumbuka kitu. Akavua kofia. Akaitazama nyumba, akalitazama tawi, midomo ikachezacheza, nadhani alikuwa anasali. Kisha akageuka, akaenda zake kwa hatua za polepole, kama mtu anayetoka wodini mgonjwa akiwa amelala. Mimi huku nimeuma sweta, machozi yananitoka kwa kicheko.

Nyuma yake walikuwa wanakuja akina mama wawili kutoka mashine ya kusaga, unga kichwani. Nao wakaliona. Walikata juu, wakapita kwenye shamba la watu ili wasikanyage hata mbele ya kwetu, na mizigo yote ile. Hilo nalo lilinichekesha. Walipopotea nikalitoa tawi, nikawapa mbuzi. Njia ikawa nyeupe kama ilivyokuwa, na mama aliporudi hakuona kitu chochote.

Ijumaa nilienda shule nikiwa mshindi. Nikakuta rafiki yangu, yule ninayekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, mwenye pengo la mbele, amehamia dawati la nyuma.

"We, mbona umehama?"

"Kaa hukohuko."

"Nina upele?"

"Mama kasema nisikuguse mpaka tusikie."

"Msikie nini?"

"We ndo unajua kilichotokea kwenu, bwana. Usinisogelee."

Nilidhani ananitania, maana utani ndio kazi yetu. Nikamrushia kifuniko cha kalamu. Hakukiokota. Alikisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka kikafika ukutani, na sura yake haikuwa ya utani.

Kipindi cha tatu mwalimu wa Jiografia aliniita nje. Nilijua sasa yamefika. Badala yake akasimama hatua nne kutoka nilipo, akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, kijana. Ukiona unahitaji kwenda nyumbani mapema, nenda. Ile habari ya ramani tuiache kabisa." Nikasema, "Asante, mwalimu." Nilikuwa nimepata kila kitu nilichokitaka, na nikabaki nje pale nikizihesabu zile hatua nne.

Mapumziko nilikula mihogo yangu peke yangu kwenye ngazi. Kila aliyekuja upande wangu alipinda, kama maji yanavyopinda kwenye jiwe. Ndipo nilipokumbuka mahali fulani kwenye daftari la dada ambapo nilipiga mstari kwa sababu sikupaelewa: kwamba mpaka huanza kwa watu wenyewe, halafu ndipo unaonekana kwenye ardhi. Mimi nilidhani ni kinyume chake. Nilidhani mpaka ni tawi. Ukiliweka upo, ukilitoa haupo. Sasa tawi lilikuwa tumboni mwa mbuzi, na mpaka ulikuwa umesimama palepale, tena umenifuata hadi shuleni, kilomita tatu.

Kama ingekuwa ni mimi tu wa kukwepwa, ningeweza hata kufurahia. Ningejivika bango shingoni. Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi mama alikuwa ameita watu.

Maharage yetu yalikuwa yameng'olewa yote. Yamelala shambani kwa marundo matano marefu, makavu, yanapiga kelele ukiyagusa. Hayo ndiyo mboga ya nyumba yetu kwa mwaka mzima na ndiyo mbegu. Mvua ilikuwa imepumzika karibu wiki mbili, lakini tangu Jumatano wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima Hanang na kila jioni linashuka kidogo. Maharage yakinyeshewa yakiwa kwenye maganda yake, ndani ya siku chache yanaota hapohapo, na hapo hata nguruwe watakushangaa. Yanatakiwa yapigwe kwa fimbo, yapepetwe, yaingie ndani siku ileile. Watu wawili hawawezi. Kwa hiyo Jumatano mama alizunguka nyumba kwa nyumba, kama inavyofanyika huku, akaomba watu kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja wakasema watakuja. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaenda kwa kila mmoja wao msimu huo. Hakuna fimbo aliyoikosa.

Ijumaa jioni nilimkuta anachagua mahindi ya makande. Togwa ilikuwa tayari, ndoo mbili zimefunikwa. Fimbo kumi na tatu amezipanga ukutani, amezichonga mwenyewe ili zisiwachubue watu mikono.

"Mama."

"Nini, baba?"

"Wakija wachache?"

"Waje wachache kwa nini?" Aliniangalia kama nimeuliza kama jua litachomoza. "Ni nani hapa ambaye mimi sijaenda kwake?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu nikaona jinsi alivyofurahi, ameinama juu ya ungo, anajiimbia, nikasema moyoni, labda wamesahau. Labda rafiki yangu ana mama mwoga tu. Nikanyamaza. Kumbe kunyamaza ni ugonjwa wa ukoo.

Jumamosi saa moja asubuhi makande yalikuwa yanachemka. Saa mbili hakuna mtu. Saa tatu mama akatoka nje, akarudi, akaongeza kuni ambazo hazikuhitajika. Mimi nilikuwa nazunguka uani nikipanga upya fimbo ambazo zilikuwa zimepangwa. Wingu limeshuka mpaka nusu ya mlima.

Mara jirani yetu wa juu, mama wa kwaya, akaonekana anapita mbali sana, kwenye njia ya kisimani, ambayo si njia yake.

"Jirani!" mama akaita. "Mbona mnanichelewesha?"

Yule mama hakusimama. Alipunga mkono. "Tuko pamoja, mama! Tuko pamoja kabisa!" Huku anaongeza mwendo, ndoo inamwagika.

Tuko pamoja, kutoka hatua mia na kitu, mgongo umegeuka. Siku nyingine ningelala chini kwa kucheka.

Mama alisimama pale mkono ukiwa bado juu. Kisha akaushusha, akajifunga kanga upya, akaanza kuongea, na hakuwa anaongea na mimi. "Labda ni lile neno nililosema kwenye jumuiya ya kanisa, kuhusu mchango wa viti. Lakini nilisema kwa wema." Akatembea kidogo. "Au mbuzi. Wale mbuzi waliingia kwa mama wa kwaya mwezi uliopita, nikaenda nikaomba radhi, nikapeleka na sahani ya chakula. Au nilimsalimia mtu vibaya. Juzi pale mashineni nilikuwa na haraka." Alikuwa anajipekua kama mtu anayetafuta ufunguo mifuko yote, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo mfukoni. Mwisho akanigeukia.

"Wewe unatembea na watoto wao. Umesikia nimemkosea nani?"

Mama yangu alizaliwa Mbulu, aliletwa huku na ndoa, na mpaka leo anaposalimia anasalimia kwa uangalifu wa mtu aliyekaribishwa. Sikujua hilo mpaka nilipoona uso wake pale uani. Nikasema, "Sijasikia, mama." Hiyo ilikuwa ya pili kwa ujinga.

Tukachukua fimbo mbili tukaenda. Watu kumi na watatu wakipiga maharage unasikia kama ngoma, kuna anayeanzisha wimbo, kuna anayemchokoza mwenzake. Watu wawili unasikia pa, halafu kimya, halafu pa. Kila nikipiga nilikuwa naangalia wingu. Kila nikiangalia wingu nilikuwa naangalia mgongo wa mama.

Karibu saa nne akaja mama mmoja mfugaji, jirani yetu.

Boma lake liko chini yetu kidogo, unaweza kurusha jiwe likafika ukiwa na hasira. Kila Jumamosi huleta maziwa kwenye kibuyu na kuondoka na pumba na mahindi ya mama, na wakikaa pale barazani husimuliana mambo mpaka maziwa yanapoa. Yeye yuko karibu nasi kuliko muumini yeyote, lakini hayuko kwenye jumuiya, hayuko kwenye kwaya, habari za kitongoji humfikia za mwisho au hazimfikii. Kwenye daftari la dada kuna ukurasa mzima juu ya mgeni, na wazee wale hawakumaanisha mpita njia. Walimaanisha mtu mnayeishi naye kila siku, yuko karibu na yuko mbali kwa wakati mmoja, na kamba zinazowafunga wengine yeye hazijamfunga. Ndiyo maana, dada aliandika, watu humwambia mambo wasiyothubutu kumwambia ndugu. Pembeni mimi niliongeza kwa penseli kwamba babu zake walichunga hapa kabla hatujaleta jembe, kwa hiyo mgeni ni nani hapo bado haijajulikana.

Nilikimbia kumpokea kabla hajamfikia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mko wawili tu? Watu wako wapi?"

Nikamwambia. Yote. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi vile. Ilitoka kama maji kwenye bomba lililokatika: ramani, mwalimu, tawi, mbuzi, dawati la nyuma.

"Kumbe ile Alhamisi!" akasema. "Mimi niliiona nikirudisha ndama. Nikasema, hawa leo wamefunga mlango vizuri." Kwao tawi la miiba ni mlango wa boma, kila jioni linavutwa, kila asubuhi linatolewa. Akacheka mpaka akaweka kibuyu chini. "Mtoto, umefungia watu wa kanisa nje!"

Nami nikaanza kucheka naye kidogo.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Yeye anafikiri nini?"

"Anafikiri wamemchukia."

Akaacha kucheka. Kicheko changu kikabaki peke yake hewani, nikakimeza.

"Mimi nitapiga," akasema. "Naita na wake za vijana wangu wawili. Lakini wale wako hawatakuja kwa kuniona mimi. Watasema, huyo hajui, ndiyo maana ameingia. Nenda wewe."

"Nikaseme nini?"

"Ulivyoniambia mimi."

"Kwako imekuwa rahisi."

"Ndiyo. Mimi si mama yako. Nenda, mvua haitakusubiri."

Nilienda kwa mama wa mashineni, mmoja wa wale wawili waliopita na unga kichwani, kwa sababu yeye ndiye aliyeona kwa macho. Sikufika mlangoni.

"Simama hapohapo!"

Nikasimama. Kati yetu kulikuwa na uwanja wake wote na mbwa wawili.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Sema ukiwa hapo."

Sasa fikiria. Jambo ambalo nilitaka kulinong'ona, nikalia kidogo ikibidi, natakiwa nilipigie kelele, kwenye mteremko, upepo unatoka mlimani. "Ile miiba niliiweka mimi!"

"Nini?"

"Miiba! Ni mimi! Hakuna msiba kwetu!"

Milango ikaanza kufunguka. Mama wa kwaya akatokea juu. Mzee mmoja mwenye koti la mvua, jirani wa upande wa bonde, akatoka na kikombe mkononi. Rafiki yangu wa pengo akapanda juu ya ua apate kuona vizuri.

"Nani kafa?" mzee akauliza.

"Hakuna aliyekufa!"

"Ng'ombe katupa mimba?"

"Hatuna ng'ombe, mzee! Tuna mbuzi!"

"Mbuzi katupa mimba?"

"Hapana! Wazima wote!"

"Sasa miiba ya nini?"

"Ya mwalimu!"

Halafu mama wa kwaya, kwa sauti ya kuogopa: "Mwalimu kafa?"

Rafiki yangu alianguka kutoka kwenye ua kwa kucheka. Mimi sikuweza. Ilibidi nieleze tangu mwanzo, kwa sauti ya mnadani, kila sentensi mara mbili, mteremko mzima ukisikiliza jinsi nilivyomficha mama yangu kosa langu. Nilipomaliza koo lilikuwa linawaka. Nikangoja wanitukane. Hawakunitukana. Walianza kubishana, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kwa sababu tone la kwanza lilikuwa limeshaniangukia shingoni.

"Shina lilielekea wapi?" mzee akauliza.

"Nyumbani."

"Ah." Alisikitika kweli. "Basi alilaza sawasawa. Angekosea ingekuwa nafuu."

"Ni mtoto huyo," mama wa kwaya akasema. "Mtoto anaweka nini?"

"Amekata, amelaza, watu wameona, watu wamepita pembeni. Hiyo imewekwa. Unataka iwekwe vipi tena?"

"Lakini hakuna kilichotokea ndani!"

"Kimetokea. Siku mbili hatujamsalimia yule mama."

Hapo ubishi ukaisha. Nilijua wanafikiria alichokuwa anakifikiria mama pale shambani, kila mmoja akijiona amesimama na ndoo yake anamwambia tuko pamoja. Mama wa mashineni ndiye aliyeamua, mikono kiunoni. "Aseme mwenyewe. Asimame njiani pale, atuite kwa mdomo wake. Tutaingia."

"Mimi si nimeshasema?"

"Wewe ulishasema kwa miiba. Mimi na maneno yako tumemalizana."

Nilirudi mbio. Shambani walikuwa wanne sasa, mama na yule mfugaji na wakamwana wake wawili, fimbo zinapanda na kushuka, rundo la kwanza limeisha. Nilisimama upande wa pili wa rundo la pili. Sikukaribia zaidi. Nikasema. Safari hii haikuwa ndefu, nilikuwa nimebaki na sauti kidogo sana.

Mama alipiga mara mbili zaidi baada ya mimi kumaliza. Kisha akaweka fimbo chini taratibu, kama yai. Hakuniangalia. Alijipangusa uso kwa upande wa kanga ambao haukuwa na vumbi, akaanza kwenda njiani. Nikamfuata. Aliponisikia naongeza mwendo, aliongeza wa kwake. Alipopunguza, nami nikapunguza. Bila kutaka nilihesabu, hatua kumi na mbili, na hazikupungua wala kuongezeka mpaka tulipofika. Ramani hiyo isingehitaji skeli.

Akasimama palepale tawi lilipokuwa. Sijui alipajuaje, mimi sikumwonyesha. Nilipomsimulia dada kwenye simu wiki iliyofuata alicheka sana, halafu sauti yake ikabadilika, akauliza mama alisimama wapi hasa, ndani ya njia au barabarani. Nikamwambia, katikati, mguu mmoja huku na mmoja huku. Akasema ngoja niandike.

"Jirani wa juu!" mama akaita. "Mama mashine! Mzee wangu wa bondeni! Kwangu ni salama! Ni mimi nasema! Njooni, mvua hiyo!"

Sauti yake ilikatika kwenye "njooni." Nilidhani hawataisikia. Tulisimama. Tone, tone jingine. Nilikuwa nimeshafumba macho nilipowasikia, kwanza mbwa, halafu vikohozi vya mzee, halafu mama wa kwaya akisema tangu mbali, "Nisamehe, mama, nisamehe jamani, na mimi nilivyokukimbia!"

Walikuja saba kati ya kumi na mmoja. Mama wa mashineni hakuja, alimtuma binti yake na fimbo, binti akapiga maharage akiwa kwenye ukingo wa shamba, mguu nje, mguu ndani, mpaka mwisho. Rafiki yangu alinipita akanigonga bega kwa makusudi, "Sogea, mchora ramani, shika fimbo." Mzee mwenye koti alijikuta rundo moja na yule mama mfugaji, wakabishana kama fimbo zinashikwa huku au kule. Kulikuwa na wimbo. Mama aliitikia, hata alicheka mzee alipojipiga mguu. Kwangu mimi hakugeuka.

Mvua ilitukuta na rundo la mwisho. Tulilifunika kwa turubai, chini likalowa hata hivyo, na sehemu ya yale maharage baadaye yaliota, tukawapa nguruwe wa mama wa kwaya. Marundo manne mengine yaliingia ndani yakiwa makavu. Watu walikula makande wamesimama barazani, wamebanana, wanasukumana kwa sababu ya matone ya paa, kisha mmoja mmoja wakaondoka na vikapu vyao kichwani.

Ilikuwa saa kumi na moja, bado kuna mwanga. Mama alikaa kwenye kigoda barazani, gunia mbele yake, anachambua. Mimi nilikuwa mlangoni kwa upande wa ndani, sijui kama nitoke au nibaki, nangoja zile siku nne zianze. Alichambua muda mrefu. Kisha akasema hivi, na naandika kama alivyosema:

"Nilikuwa nimeshaanza kufikiria tuhame. Kweli. Nilikuwa napiga maharage huku najiuliza, nikirudi Mbulu nitawaambia nimefukuzwa kwa kosa gani. Sasa njoo ukae hapa, uje na huo ungo, haya mawe siyaoni vizuri."